Bad Brains: kundi la Weusi lililochanganya panki, metali na rege, na safari ndefu ya kurudisha bandi zao

Kwa watu wengi wa Goma, Bukavu, Bunia ama Uvira, roki ni muziki wa Wazungu: gitari zinalia kwa nguvu, mwimbaji anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Rege ni kitu ingine. Rege tunaijua, Bob Marley anasikika mu taksi na mu maduka tangu zamani. Lakini kuko kundi moja la Marekani lililoweka hizo mbili mu konseri moja, na wanamuziki wake wote wanne walikuwa Weusi. Jina lake ni Bad Brains. Lilianza Washington, mji mkuu wa Marekani, karibu mwaka wa 1977, na mpaka leo watu wanaocheza panki na metali wanalihesabu kati ya makundi yaliyofungua njia.

Wanne hao ni Paul Hudson, anayejulikana kwa jina la H.R., mwimbaji, mdogo wake Earl Hudson, mpiga ngoma, Gary Miller, anayeitwa Dr. Know, mpiga gitari. Na Darryl Jenifer, mpiga gitari la besi. Mbele ya kuwa Bad Brains waliitwa Mind Power, na walikuwa wanapiga jazi iliyochanganywa na roki, ule muziki mgumu wa makundi kama Mahavishnu Orchestra na Return to Forever. Hii jambo ni ya maana. Wengi walioingia mu panki wakati ule walikuwa wanajua akodi tatu tu, na hawakuona haya. Hawa walikuja na mikono iliyokwisha kuzoea kazi ngumu. Walipoamua kupiga haraka, walipiga haraka kuliko wote, na bado wakasimama wote kwa mara moja mahali walipotaka kusimama.

Jina walilitoa ku wimbo wa Ramones, kundi la panki la New York. Maneno yenyewe maana yake ni "bongo mbaya". Lakini mu Kiingereza cha mitaa ya Weusi, kusema kitu ni kibaya ni kukisifu, sawa vile hapa kwetu watu wanamwita mchezaji hodari wa mpira ndoki bila kumshitaki kwa uchawi.

Roki ilitoka wapi

Wakati Bad Brains walianza, watu waliwashangaa: Weusi wanafanya nini mu muziki huu? Swali lenyewe lilikuwa la kuchekesha kidogo, juu roki ilitoka ku mikono ya Weusi. Chuck Berry na Little Richard walikuwa Weusi, na Jimi Hendrix, aliyefundisha dunia namna gitari la umeme linaweza kulia, alikuwa Mweusi vilevile. Mu Afrika pia haikuwa kitu kigeni. Karibu kabisa na Katanga, upande wa Zambia, vijana wa miji ya shaba walikuwa wanapiga roki nzito mu miaka ya 1970, na kundi lao WITCH lilijaza viwanja. Lakini Marekani ya mwisho wa miaka ya 1970 ilikuwa imegawanya muziki: redio za Weusi zinapiga soul na disko, redio za Wazungu zinapiga roki. Kundi la Weusi lenye gitari kama za Black Sabbath halikuwa na redio.

Basi wakafanya wenyewe. Diski yao ya kwanza ndogo ilitoka mwaka wa 1980, kwa jina la nyumba yao wenyewe, Bad Brain Records. Wimbo wake ni mfupi sana. Mu Washington vijana wengi wa Kizungu waliokuwa wanawatazama, kati yao Ian MacKaye na Henry Rollins, walienda kisha kufanya makundi yao, na kutoka hapo kukazaliwa panki ya kasi ambayo dunia inaiita hadikori. Bad Brains ndio waliweka mwendo.

Njia yenyewe haikuwa laini. Walijaribu kwenda kupiga Uingereza, wakarudishwa ku mpaka juu hawakuwa na karatasi za kazi. Msomaji yeyote aliyewahi kutafuta viza anajua namna mtu anarudi kutoka safari ya namna ile. Mu Washington kwenyewe, milango ya mabaa na ma-klabu ilianza kufungwa mbele yao, kwa sababu watazamaji walikuwa wanarukaruka na kuvunja vitu. Waliimba juu ya kule kufukuzwa, kisha wakahamia New York, wakakuwa watu wa CBGB, ile klabu ndogo na chafu ambapo panki ya Marekani ilikomaa.

Moto kwanza, maji nyuma

Mtu anayesikiliza Bad Brains mara ya kwanza anaweza kuzima. Ngoma zinakimbia, gitari linakata kama msumeno, H.R. anaruka kutoka sauti ya chini mpaka ya juu kabisa, maneno hayashikiki. Wimbo unaisha mbele ya mtu kuuelewa. Unafuata ingine, na ingine. Halafu, bila kutangaza, kundi lile lile linaingia mu rege ya polepole, besi nzito, nafasi nyingi kati ya pigo na pigo, na mwimbaji aliyekuwa anapiga kelele sasa anaimba kwa upole.

Kwa mtu aliyelelewa na rumba ya Congo, iko njia rahisi ya kuelewa. Kwetu wimbo unaanza taratibu, maneno ya mapenzi yanapita, kisha sebene inafika na watu wanasimama kucheza. Bad Brains walipindua kitu hicho. Sebene yao ilikuja kwanza, kali na fupi, kisha utulivu. Na utulivu ule ulikuwa na kazi: ulipumzisha mwili wa mtazamaji, na ulibeba imani yao.

Juu imani iliingia. Baada ya kumwona Bob Marley ku konseri, wote wanne walivutwa na njia ya Rastafari. Mbele ya hapo H.R. alikuwa amesoma kitabu cha Napoleon Hill juu ya namna ya kufanikiwa, na alichukua humo mafundisho ya kuwa na moyo wa kutazama mazuri. Alifupisha kwa herufi tatu, PMA, na mpaka leo vijana wanazichora ku mikono na ku nguo. Wakati makundi mengi ya panki yalikuwa yanaimba kama hakuna kesho, hawa walikuwa wanaimba kama kesho iko.

Lakini imani ile ilileta pia aibu. Mwaka wa 1982, mu safari ya kupiga Texas, walikosana vibaya na kundi Big Boys juu mwimbaji wake alikuwa anapenda wanaume wenzake, na walitumia maneno ya chuki. Makundi ingine ya panki yaliwakatia urafiki. Miaka mingi nyuma, Jenifer alisema kama walikuwa vijana na kama walijifunza. Wako watu waliosamehe, na wako ambao hawakusamehe. Hadithi ya kundi hii haiwezi kuelezwa bila jambo hilo.

Kaseti ya manjano

Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka wa 1982, na haikutoka ku diski. Ilitoka ku kaseti tu, kwa kampuni ndogo ya New York, ROIR, iliyokuwa inauza kaseti peke yake. Picha ya juu ni ya manjano, radi inapiga paa la bunge la Marekani na kulivunja. Watu waliirekodi kutoka kaseti mpaka kaseti, sawa vile hapa zamani kaseti moja ya orkestre ilizunguka kata nzima. Mwaka wa 1983 ikafuata Rock for Light, iliyosimamiwa studio na Ric Ocasek, mwimbaji wa The Cars, kundi lililokuwa linapigwa sana ku redio. Ile ni ajabu kidogo: mtu wa nyimbo laini kukaa na vijana wakali namna ile. Lakini alikuwa anawapenda.

Albamu ambayo wengi wanaona ndiyo kubwa ni I Against I, ya mwaka wa 1986. Ilitoka kwa SST, kampuni huru ya California iliyoanzishwa na Greg Ginn, mpiga gitari wa Black Flag. Hapa mwendo ulipungua na uzito ukaongezeka. Gitari la Dr. Know liliingia kabisa mu metali, besi ya Jenifer ikapata mchezo wa funk, na H.R. akaimba kweli kweli. Kuko wimbo mmoja humo, Sacred Love, ambao sauti yake inasikika kama inatoka mu bomba. Haikuwa ufundi wa studio. H.R. alikuwa amefungwa gereza la Lorton, karibu na Washington, kwa kesi ya bangi, na msimamizi wa kurekodi, Ron Saint Germain, alichukua sauti yake kupitia simu. Wimbo ukaingia albamu hivyo hivyo.

Kutoka albamu ile kulitokea watoto wengi. Living Colour, kundi la Weusi wa New York, lilipata nafasi ku redio kubwa ambapo Bad Brains hawakuipata. Fishbone, Red Hot Chili Peppers na Deftones walisema waziwazi kama walijifunza kwao. Beastie Boys, kabla ya kuwa watu wa rap, walikuwa vijana wa panki waliokuwa wanasimama mbele ya jukwaa lao.

Makuta, ugomvi, magonjwa

Kwa nini basi watoto walitajirika na wazazi hawakutajirika? Sehemu moja ya jibu iko ndani ya kundi lenyewe. H.R. na Earl walitaka rege zaidi, Dr. Know na Jenifer walitaka roki. Kundi lilivunjika na kurudiana mara nyingi. Mtu aliyeona namna Wenge Musica ilipasuka mwaka wa 1997 hatashangaa. Mwaka wa 1993 walitoa albamu Rise kwa kampuni kubwa, Epic, na mwimbaji mwingine kabisa. Mwaka wa 1995 wote wanne wakarudi pamoja, wakatoa God of Love kwa Maverick, kampuni ya Madonna, na Ric Ocasek tena studio. Lakini mu safari ya konseri H.R. alifanya vurugu na kupiga watu, safari ikaharibika, na mlango ukafungwa. Kwa muda walipiga kwa jina ingine, Soul Brains.

Watu wa karibu walisema kisha kama H.R. alikuwa mgonjwa wa akili kwa miaka mingi. Baadaye akapata pia maumivu makali ya kichwa ya aina isiyo ya kawaida, na mwaka wa 2017 alipasuliwa ubongo. Dr. Know, naye, mwishoni mwa mwaka wa 2015 moyo wake ulisimama. Alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi, akapona. Mu Marekani, mwanamuziki asiye na bima ya nguvu analipa hospitali kwa makuta yake, na mashabiki walichangisha.

Kati ya hayo yote walitoa bado albamu mbili. Build a Nation, ya mwaka wa 2007, ilisimamiwa na Adam Yauch wa Beastie Boys, yule kijana wa mbele ya jukwaa, sasa mtu mzima na tajiri. Into the Future ilitoka mwaka wa 2012, miezi michache baada ya Yauch kufa na kansa, na kundi likamkumbuka humo.

Sehemu ingine ya jibu ni bandi. Kila wimbo uko na haki mbili. Moja ni ya utunzi, maneno na muziki, ile ambayo hapa Congo SOCODA ina kazi ya kuikusanya. Ingine ni ya bandi yenyewe, sauti iliyorekodiwa mu studio. Mara nyingi aliyelipa studio ndiye anaishika. Mwenye bandi ndiye anaamua kuchapisha diski, kuweka wimbo ku intaneti, kuuza kwa filamu. Bad Brains walipita kwa kampuni moja na ingine, ndogo na kubwa, na kila mara bandi zilibaki mikononi mwa wengine. Jina likakua, fulana zikauzwa dunia nzima, diski za manjano zikachapishwa tena na tena, na wenye kuzipiga hawakuwa wenye mali.

Mwaka wa 2021 walitangaza kama wamerudisha mikononi mwao bandi nyingi za maana walizorekodi, na wakaanza kuzitoa upya kwa msaada wa Org Music, kampuni huru ya Los Angeles. Kaseti ya mwaka wa 1982 ikatoka ku diski kubwa, na Rock for Light na I Against I zikafuata. Ku karatasi ya katikati ya diski kumeandikwa Bad Brains Records, karibu lile lile jina la mwaka wa 1980, na herufi moja tu ya nyongeza.