Chuma kinachobeba meno yako: historia fupi ya shingo ya usukani

Haya wadau, leo tuweke nondo za mitihani pembeni kidogo. Bumu limetoka, na kama kawaida baiskeli za mtumba zimeanza kujaa kwenye korido za hosteli. Kila aliyenunua utamsikia akisifia gia, rangi na matairi. Anayeulizia shingo ya usukani hayupo! Nasema kile kipande kinachoshika usukani na kuuunganisha na foku ya mbele. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe sawa, ila kwa shingo ya baiskeli nabisha, na nitabisha kwa historia maana ndo fani yangu.

Hoja yangu ni moja tu. Tangu kipande hiki kianze, mafundi wamekuwa wakivutana kati ya mambo mawili: urahisi wa kurekebisha na uhakika wa kubana. Kila zama zilitatua tatizo moja zikaacha jingine. Kwa hiyo ukijua shingo yako ni ya zama zipi, unajua pia itakusaliti wapi.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1817 kule Mannheim, Ujerumani, Karl Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa miguu chini. Jambo kubwa alilofanya ni kuliwezesha gurudumu la mbele kugeuka. Miaka ya 1870 zikatawala zile baiskeli za gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Pale mpandaji alikaa karibu juu kabisa ya gurudumu la mbele, na usukani ulikuwa hapo hapo mbele ya tumbo lake. Hakukuwa na haja ya shingo ndefu. Shida yake mnaijua: kajiwe kadogo tu, mtu anapinduka kichwa mbele.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akaleta Rover, baiskeli ya magurudumu yanayokaribiana ukubwa na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Mpandaji akashushwa chini na kurudishwa nyuma. Sasa swali likawa: mikono iko mbali na foku, je, usukani ukae juu kiasi gani, na mbele kiasi gani? Warefu na wafupi hawawezi kutumia kipimo kimoja. Hapo ndipo shingo ikapata kazi.

Jibu lililoenea likadumu kwa karibu karne nzima. Mimi naiita shingo ya kuchomeka. Mguu wake unaingia ndani ya bomba la foku. Katikati inapita bolti ndefu, na chini ya bolti kuna kabari. Ukikaza bolti kwa juu, kabari inapanda na kubana ukuta wa ndani wa bomba. Ukitaka usukani upande, unalegeza bolti mizunguko michache, unaigonga taratibu kwa nyundo ya mpira ili kabari iachie, unavuta, unakaza. Dakika mbili umemaliza. Raha iliyoje!

Aliyeonyesha dunia kwamba shingo inaweza kumfaidisha mtu ni Major Taylor, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1878. Alitumia shingo iliyorefushwa kwenda mbele, inayorekebishika, ili alale vizuri juu ya baiskeli na kupunguza upepo. Mwaka 1899 akawa bingwa wa dunia wa mbio fupi kule Montreal, wakati ambao kwao wazungu wengi walikuwa wanakataa hata kushindana naye. Aina ile ya shingo ikabaki na jina lake. Mwenyewe alifariki Chicago mwaka 1932 akiwa fukara. Inauma, lakini ndo historia ilivyo.

Sasa turudi nyumbani. Zile baiskeli nzito nyeusi zilizofuata muundo wa Raleigh ya Nottingham, ambazo Wakenya waliziita Black Mamba, na ndugu zake kutoka India na China kama Hero, Avon na Phoenix, zilikuja na breki za vyuma. Zichunguze vizuri: usukani na shingo vimeunganishwa moja kwa moja, ni kitu kimoja. Huwezi kuchagua urefu wa kwenda mbele. Unachoweza ni kupandisha na kushusha tu, tena ukipandisha lazima urekebishe na vile vyuma vya breki. Ndizo zilizobeba mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa, na ndizo zilizoanzisha boda boda pale mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Waliotengeneza walichagua uimara, urahisi wakauacha. Babu zetu wengi hawakuwahi kuulizwa wanataka shingo gani.

Na hapo ndipo naanza kuogopa mtumba wetu. Baiskeli za mtumba zinatoka nchi nyingi, na kila nchi ilikuwa na vipimo vyake. Shingo nyingi za kuchomeka zina mguu wa 22.2 mm. Za Kifaransa za zamani ni 22.0 mm. Baadhi za Kimarekani, hasa za watoto na za BMX, ni kama 21.1 mm. Milimita moja utaiona si kitu, eti? Lakini shingo ya 21.1 ndani ya bomba la 22.2 inaweza kuingia vizuri kabisa, ikakazwa, ikaonekana nzima, halafu siku unakata kona kwa nguvu usukani unageuka, gurudumu linabaki linaangalia mbele. Pale usukani unaposhikwa napo hivyo hivyo: kuna 25.4, 26.0 na hizi nene za kisasa za 31.8 mm. Fundi akikuambia "tutaweka kipande cha kopo" ili ibane, mshukuru kwa moyo wake mwema, kisha chukua baiskeli yako uondoke.

Kikulacho ki nguoni mwako, na shingo ya kuchomeka huliwa kwa ndani. Mfano maarufu ni AVA za Ufaransa, shingo za aluminiamu zilizofungwa kwenye baiskeli nyingi miaka ya nyuma. Mguu wake ulikuwa na mpasuko chini, na hapo ndipo nyufa zilipoanzia, mahali macho hayafiki. Wapenda baiskeli wanaozungumza Kiingereza wakaipa jina ambalo kwa Kiswahili ni shingo ya mauti. Jina tu linatosha.

Hatari nyingine ilitokana na ile raha yenyewe: mtu anavuta usukani juu, juu, juu, mpaka kilichobaki ndani ni kidogo. Miaka ya 1970 sheria za usalama za Marekani zikalazimisha shingo za kuchomeka ziwe na alama ya kudumu inayoonyesha kina cha chini cha kuingiza. Alama hiyo isipungue mara mbili na nusu ya unene wa mguu kutoka ncha ya chini. Kwa mguu wa 22.2 hiyo ni kama 55.5 mm. Ukiona mstari au alama hiyo iko nje, usipande.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja shingo ya kubana. John Rader alipata hataza ya Marekani mwaka 1992, na mfumo ukauzwa kwa jina la Aheadset. Hapa bomba la foku linatokeza juu ya fremu, na shingo inalikumbatia kwa nje kwa bolti za ubavuni. Hakuna kabari ya kuganda kwa kutu, na kila kitu unakiona. Lakini urahisi ukapungua: bomba likishakatwa, huna tena pa kupandishia zaidi ya kupanga upya zile pete au kununua shingo iliyoinuka. Na bolti ya kwenye kofia ya juu inawachanganya wengi. Ile kazi yake ni kuondoa mchezo kwenye gololi tu. Zinazokushikia uhai ni za ubavuni.

Wala mfumo mpya haukumaliza hatari. Aprili 2006, kwenye mbio za Paris-Roubaix, George Hincapie akiwa kundi la mbele, bomba la foku yake lilikatika. Akabaki ameshika usukani usioongoza chochote, akaanguka na kuumia bega. Huyo ni mtu mwenye makanika wa kulipwa, sembuse sisi wa hosteli!

Kwa hiyo kabla hujalipa, fanya haya. Tambua kwanza ni ya kuchomeka au ya kubana. Kama ni ya kuchomeka, itoe yote, pima mguu, tazama nyufa, paka grisi, irudishe mpaka alama izame. Kama ni ya kubana, legeza za ubavuni, kaza kofia hadi mchezo uishe, kisha kaza za ubavuni kwa kupokezana, bila sifa za misuli. Halafu simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu kwa magoti na jaribu kuzungusha usukani kwa nguvu ya kawaida. Ukizunguka, bado. Mwisho kaa juu yake: viwiko vikunjike kidogo na uzito usiangukie viganja.

Fundi atakucheka kwamba unachagua sana. Mwache acheke, yeye meno yake hayapo rehani. Tukutane barabarani.