Habari za Nywele za Watoto wa Pwani

Mama wa siku hizi atakaye nywele za bintiye zirefuke huanza kwa kuuliza mafuta gani ayanunue, na swali hilo, ijapokuwa limeulizwa kwa nia njema, lingaliwashangaza bibi waliokuwa wakitunza vichwa vya watoto zamani katika nyua za Lamu, Mombasa, Bagamoyo na Unguja, kwani kwao mafuta yalikuwa ni kitu kisichokosekana nyumbani kama chumvi, na hapana aliyeyahesabu kuwa ni siri ya jambo lolote. Siri, ikiwa ilikuwako, ilikuwa katika siku moja ya juma iliyotengwa kwa kazi hiyo, katika subira ya mikono, na katika ada ya kukiacha kichwa kistarehe baada ya kushughulikiwa. Jambo hili la tatu ndilo lililosahauliwa kuliko yote.

Tarehe ya nywele za mtoto wa Pwani huanza kwa wembe. Sunna imependekeza mtoto anyolewe siku ya saba, siku ya akika, na uzito wa nywele zake utolewe sadaka ya fedha; lakini desturi ya wenyeji, mahali pengi, iliikawiza kazi hiyo mpaka siku ya arobaini, mama atokapo katika uzazi. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844 akawa baadaye Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi watoto wa baba yake, Sayyid Said, Sultani wa Unguja, walivyonyolewa siku hiyo ya arobaini kwa mkono wa mkuu wa matowashi, ubani ukifukizwa, na jinsi nywele zile za kwanza zilivyokuwa na hadhi yake: hazikutupwa wala hazikuchomwa moto, bali zilizikwa ardhini, au zilitoswa baharini, au zilifichwa katika ufa wa ukuta. Hofu iliyokuwa nyuma ya hadhari hiyo haikuwa ya jumba la mfalme peke yake, maana hata katika nyumba za makuti nywele zilizobaki kwenye chanuo zilikusanywa na kufukiwa, asije mwenye husuda akazipata.

Baada ya wembe wa kwanza njia za watoto ziliachana. Mwana wa kiume aliendelea kunyolewa, pengine kichwa kizima, pengine akaachiwa denge utosini au kishungi kidogo, jambo ambalo maulamaa walilikemea, kwa kuwa Mtume alikataza kunyoa baadhi ya kichwa na kuacha baadhi. Na mama zao waliyasikia makemeo hayo kwa adabu zote, kisha wakakiacha kishungi mahali pake. Mwana wa kike naye alinyolewa mara mbili tatu katika utoto wake wa mwanzo, kwa imani iliyoenea sana kuwa wembe huzidisha nywele. Hauzidishi kitu. Unywele ulionyolewa hutoka na ncha butu, kwa hiyo huonekana mnene machoni na mgumu mkononi, ilhali shina lake lililo chini ya ngozi halikuguswa. Lakini imani hiyo ilikuwa na faida moja ambayo haikukusudiwa, kwamba mtoto alipoachwa hatimaye afuge nywele, alianza na nywele nzima zisizowahi kuvutwa na mtu.

Huyo Bibi Salme ndiye shahidi wetu bora wa yaliyofuata, japokuwa ni shahidi wa nyumba moja tu, tena nyumba ya kitajiri kupita zote. Anasimulia kuwa nywele za wasichana wa jumbani zilisukwa misuko mingi myembamba, ncha zake zikakusanywa pamoja, na pambo la dhahabu likaning'inizwa mgongoni. Usiku pambo huvuliwa, asubuhi likarejeshwa, na misuko yenyewe hukaa. Siku moja, akiwa mtoto bado, aliponyoka kabla nywele zake za mbele hazijatengenezwa, akakimbilia kwa baba yake kuomba peremende za Kifaransa. Sayyid, alipomwona katika hali ile, aliamuru atolewe chumbani bila ya kupata alichokifuata, na tangu siku hiyo, asema, hakuthubutu tena kumkabili baba yake pasina kukamilishwa.

Kisa hicho huchekesha, lakini chanieleza jambo ambalo bibi huyo hakulitaja: kila msuko ule ulikuwa ni saa za mtu mwingine. Katika majumba ya namna hiyo mikono iliyosuka ilikuwa ya watumwa na masuria, na msichana wa kitumwa, kwa upande wake, aghalabu alikwenda kichwa wazi na nywele zimenyolewa au zimekatwa. Ndiyo maana utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, kisha katika pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, kufuga na kusuka, sawa na kuvaa kanga mbili na kujitanda ushungi, kulikuwa ni njia mojawapo ya mtu kuonyesha kuwa hana bwana. Bibi aliyemketisha mjukuu wake mkekani katika mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, miaka ya elfu moja mia tisa na ishirini hakuwa akimpamba mtoto tu. Alikuwa akitumia alasiri yake apendavyo, na mama yake mwenyewe huenda hakuijua neema hiyo.

Alasiri hiyo, aghalabu ya Alhamisi ili mtoto aikabili Ijumaa akiwa safi, ilikuwa na mpango usiobadilika sana mji kwa mji. Mtoto huketi chini, mgongo wake katikati ya magoti ya msukaji, na kazi huanza kwa kufumua. Misuko ya juma lililopita hufumuliwa mmoja mmoja tokea nchani, na mafundo huchambuliwa kwa vidole kabla chanuo halijagusa kichwa, maana nywele za kipilipili, kila unywele ukiwa umejikunja na kumkumbatia jirani yake, hukatika upesi zikichanwa kavu, na aliyezoea kazi hii huisikia hatari kwa sikio kabla ya kuiona kwa jicho. Kisha huja kuosha. Kabla sabuni za dukani hazijaenea, majani ya mkunazi yalikaushwa, yakatwangwa, yakatiwa maji mpaka yakatoa povu, nayo ndiyo yaliyosafisha kichwa bila ya kukikausha. Mti huo huo hutumika Oman kwa kazi hiyo hiyo, na watu wa pande mbili hizi za bahari wamechukuliana maarifa kwa karne nyingi mno hata haifai kuuliza nani alianza.

Nywele zikiwa bado na unyevu, hupakwa mafuta. Ya nazi yalitengenezwa nyumbani: nazi zilizokomaa hukunwa juu ya mbuzi, tui zito hukamuliwa katika kifumbu, likatelekwa kwa moto mdogo na kukorogwa pole pole mpaka maji yakaisha na mafuta yakajitenga, masafi, na harufu yake ikajaa ua mzima. Palipolimwa ufuta palitumika mafuta ya uta, na mbarika ulitoa mafuta mazito ya nyonyo kwa vichwa vilivyokuwa vikavu. Waliopenda anasa walitia humo asumini au kilua au maua ya mkadi, yakalala humo siku kadhaa. Mtoto hakupakwa mengi. Mafuta yaliyotiririka hadi shingoni yalikuwa ni dalili ya msukaji asiyejua kazi, nayo huchafua kanga.

Ndipo kichwa hugawanywa njia kwa ncha ya kijiti, na chanuo la mti lenye meno marefu yaliyoachana hupitishwa, kwanza nchani, kisha katikati, mwisho mashinani, fungu baada ya fungu. Misuko ya watoto ilikuwa myepesi. Mistari inyookayo kuelekea kisogoni, ambayo watu wameipa jina la twende kilioni kwa kuwa huweza kusukwa hata na aliyeitwa matangani kwa haraka, ilitosha. Au nywele zilifungwa mafungumafungu kwa uzi mweusi, unaozinyoosha bila ya moto wala dawa. Muda wote huo mtoto alipewa hadithi na vitendawili, nami nadhani fasihi ya watoto wa Pwani inadaiwa mengi na vichwa hivi vilivyohitaji kushikwa visitikisike. Kazi ikiisha, kichwa hufungwa leso usiku, na kuanzia hapo, mpaka Alhamisi nyingine, hapana mtu aliyekigusa.

Elimu ya siku hizi imeleta hesabu zinazoifafanua desturi hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 na mtafiti Loussouarn ulipima nywele za vijana wa asili ya Afrika ukaona hukua karibu robo ya milimita kwa siku, ambayo ni kama sentimita 9 kwa mwaka, ilhali za Wazungu waliolinganishwa nao zilikaribia milimita 0.4 kwa siku. Basi chukua msichana aliyeachiwa nywele akiwa na umri wa miaka minne: afikapo wa minane kichwa chake kimeota sentimita 36, ambazo zikinyooshwa zingemfika mgongoni. Ikiwa leo zinamfikia sikioni, na msuko wenyewe ukinyooshwa haumpiti shingo, hazikukosa kuota. Zimekatika, nazo zimebaki kwenye chanuo, kwenye mto, na kwenye kila kitambaa kikavu kilichomsugua. Kuhusu mafuta, watafiti Rele na Mohile wa Bara Hindi walionyesha mwaka 2003 kuwa mafuta ya nazi, yakilinganishwa na ya alizeti na yale ya madini, ndiyo peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini katika unywele, kwa sababu huingia ndani yake badala ya kukaa juu tu. Kwa hiyo mafuta ya bibi yalifanya kazi ya kweli, lakini ilikuwa ni kazi ya kulinda kilichokwisha kuota, kuotesha hayakuotesha.

Haimaanishi kuwa kila msusi wa zamani alikuwa na mkono wa rehema. Walikuwako wenye kukaza mpaka ngozi ya paji ikang'aa na vipele vikatoka, na msichana aliyevutwa hivyo miaka mingi huonekana ukubwani kwa upara wa kandokando ya uso. Madhara hayo si ya Waafrika peke yao: Trebitsch, Mwaustria, aliyaeleza mwaka 1907 baada ya kuyaona kwa wanawake wa Greenland, waliokuwa wakizifunga nywele utosini kwa nguvu.

Mrima, pwani ya bara iliyo nyuma ya miji, nao una habari yake. Kwa Wazaramo na jirani zao, msichana aliyewekwa ndani baada ya kuvunja ungo alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, ila kichwa chake kimechongwa kwa uangalifu mkubwa, na mtindo wa nywele umesimama juu yake vishungi viwili. Mwali alikiosha na kukipaka mafuta, akakitunza kama mwanawe. Mafundisho mengi hutolewa kwa maneno. Haya yalitolewa kwa mikono, na mwanamke aliyetoka ndani alikuwa amekwisha kujua kushika kichwa cha mtoto kabla hajampata mtoto.

Yaliyovuruga mpango huu ni mengi, na si yote yaliyo mabaya. Kitana cha moto na dawa za kulainisha viliwafikia watoto kwa kupitia kwa mama zao, waliokuwa wamefundishwa na picha na matangazo kuzionea haya nywele za kipilipili na kuzitamani za singa. Siasa nayo ilipogusa jambo hili, iliwagusa watu wazima, kama Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, walipopiga marufuku sketi fupi na nywele za bandia mjini Dar es Salaam tangu tarehe 1 Januari 1969, na vichwa vya watoto havikutajwa. Vilikuwa vimekwisha kuamuliwa na shule. Darasa lililojaa watoto liliogopa chawa na mapunye, na mwalimu hakuwa na alasiri za kuwasuka. Shule nyingi za serikali Tanzania Bara zikashika kanuni ya nywele fupi kwa wavulana na wasichana sawasawa, na watoto walioingia kwa mamilioni baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililoagiza elimu ya msingi kwa wote, waliikuta kanuni hiyo mlangoni. Unguja mambo yalikwenda kwa namna nyingine, kwa kuwa msichana wa huko, tangu shule ya kwanza ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa mwaka 1927, alisoma akiwa amejifunika, na kilichokuwa chini ya ushungi kilibaki kuwa ni shughuli ya nyumbani kwao.

Katika miji mikubwa hivi leo aketiye nyuma ya kichwa cha mtoto wakati wa likizo si bibi tena, na mara nyingi si mwanamke, bali ni kijana wa Kimaasai, na uteuzi huo una busara yake, kwani moran, yaani shujaa kijana wa Kimaasai, hufuga nywele miaka kadhaa, wenziwe wakimsuka na kumpaka mafuta na udongo mwekundu, mpaka siku ya eunoto, sherehe ya kuuaga umorani, mama yake anapozinyoa. Maarifa yake hayana kasoro. Ila yeye hulipwa kwa kichwa, si kwa alasiri, na mama aliyemlipa hataki kurudi kabla ya mwezi kwisha. Basi hukaza, ili kazi yake idumu muda alioahidi, mahali ambapo bibi alilegeza kwa kuwa Alhamisi ijayo ilikuwa yake.