Kampuni, Shule na Gesi: Historia ya Kuwaandaa Vijana kwa Kazi za Teknolojia katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Mwaka 2010 kampuni ya Kimarekani ya Anadarko iligundua gesi asilia katika kina cha bahari mkabala wa Palma. Mwaka uliofuata Eni ya Italia nayo ikapata gesi katika eneo jirani. Tangu hapo mafunzo ya vijana yamekuwa sehemu ya lugha ya kila mradi, na Sheria ya Petroli Na. 21/2014 iliyapa ajira na mafunzo ya raia uzito wa kisheria. Vijana wa pwani waliahidiwa nafasi katika umeme, uchomeleaji, mitambo na tehama. Taarifa za uwajibikaji wa kampuni kwa jamii huanzisha habari hii mwaka huo wa 2010, kana kwamba kabla yake palikuwa patupu. Mwanzo huo unapotosha, kwa kuwa swali la nani anastahili kuketi katika darasa la ufundi lilikuwa limekwisha kujibiwa kwa sehemu kubwa miongo mingi kabla ya gesi.

Kampuni ya kwanza kuwa na sauti katika maisha ya watu wa huku ilikuwa Kampuni ya Niassa. Kwa hati ya mwaka 1891, Ureno iliipa mamlaka ya kutawala eneo lote la kaskazini, nayo ikayashika hadi 1929. Ilitoza kodi ya kibanda na kuwatumikisha watu kwa lazima, na wengi walivuka Mto Ruvuma kuikimbia. Elimu haikuwa shughuli yake. Ikumbukwe basi kwamba neno "kampuni" lilipofika Palma tena katika karne ya 21, halikufika likiwa geni.

Baada ya kampuni hiyo kuondoka, elimu ya Waafrika ilikabidhiwa misheni za Kikatoliki kupitia Mkataba wa 1940 kati ya Ureno na Vatikani na Sheria ya Misheni ya 1941. Katika uwanda wa juu wa Wamakonde misheni zilikuwepo tangu 1924. Pwani hali ilikuwa tofauti. Hapa mtoto alipelekwa chuoni kwa mwalimu, akasoma Kurani, na wapo waliojifunza kuandika Kiswahili au Kimwani kwa hati ya Kiarabu. Mzazi Mwislamu alikuwa na sababu ya kuitilia shaka shule ambayo ilikuwa pia mlango wa ubatizo. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: jamii yenye mapokeo ya kale ya maandishi ilihesabiwa kuwa ya wasiojua kusoma, kwa kuwa kusoma kulipimwa kwa Kireno pekee.

Vita vya ukombozi navyo viliacha funzo ambalo watunga sera hulitaja kwa nadra. Mwaka 1963 Taasisi ya Msumbiji ilianzishwa Dar es Salaam, chini ya uongozi wa Janet Mondlane, ili kuwasomesha vijana waliovuka mpaka. Mfadhili wake wa mwanzo alikuwa Wakfu wa Ford, ambao chimbuko lake ni mali ya magari. Ureno ilipolalamika, msaada huo haukuendelezwa, na taasisi ikalazimika kutafuta wafadhili wengine, hasa nchi za Skandinavia. Ratiba ya mfadhili ilikuwa imeamua ratiba ya darasa.

Baada ya uhuru, Sheria Na. 4/83 iliunganisha mfumo wa elimu wa taifa, na Kireno kikabaki lugha ya kufundishia. Kimwani kiliingia katika mpango wa elimu ya lugha mbili ulioanza 2003, lakini katika madarasa ya chini tu. Baadaye mwanafunzi huvushwa kwenda Kireno.

Katika mazingira hayo ndipo mafunzo ya gesi yalipowekwa. Ngazi ya kati ya elimu ya ufundi ilihitaji kumaliza darasa la 10. Masomo ya juu ya kompyuta na uhandisi yalikuwa Pemba, katika Chuo Kikuu cha Lúrio na Chuo Kikuu Katoliki, mwendo mrefu kutoka Palma. Kigezo kilikuwa kimoja kwa wote, lakini njia ya kukifikia haikuwa moja. Lalamiko la Palma kwamba kazi huchukuliwa na *vientes*, yaani wageni, limetajwa mara nyingi kama chuki ya kikabila. Kwa jicho la historia, ni lalamiko juu ya cheti.

Kuihusisha moja kwa moja hali hiyo na vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 kungekuwa kurahisisha mno. Dini, siasa na biashara za magendo zina nafasi yake. Lakini vita viliudhihirisha udhaifu wa mafunzo yanayotegemea mradi mmoja. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na tarehe 26 Aprili kampuni ya Total, iliyokuwa imechukua nafasi ya Anadarko mwaka 2019, ilisimamisha mradi kwa sababu zisizozuilika. Kazi ambazo vijana walikuwa wakiandaliwa zilitoweka kwa tangazo moja. Gesi yenyewe haikusimama: mtambo unaoelea wa Coral Sul ulisafirisha shehena ya kwanza Novemba 2022, mbali baharini, bila kuhitaji kibarua hata mmoja kutoka ufukweni Palma.

Ng'ambo ya Ruvuma, kampuni za BG na Ophir zilifadhili mafunzo kupitia chuo cha VETA Mtwara. Ufadhili huo haukuzuia ghasia za Mei 2013 kuhusu bomba la gesi. Hata hivyo chuo kilikuwa cha umma, na hakikufungwa kampuni zilipobadilisha mipango. Mkufunzi pia aliweza kumfafanulia kijana saketi ya umeme kwa Kiswahili.

Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji wa Afungi ulitangazwa Juni 2019. Miezi miwili baadaye, Agosti 2019, SADC, ambayo Msumbiji ni mwanachama wake, iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Kijana wa Palma azungumzaye Kiswahili na Kimwani bado alitakiwa kuleta cheti cha Kireno cha darasa la 10.