Kuku Mlezi na Vifaranga Asiowaangua

Historia ya ufugaji wa kuku huandikwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya joto. Mwandishi huanza na matanuri ya Misri, hupitia mashine za taa ya mafuta za karne ya 19, humalizia kwenye viwanda vya umeme vya kutotolesha, na njia nzima swali ni moja tu: binadamu aliwezaje kulifanyia yai kile ambacho kuku hulifanyia kwa siku 21? Swali lenyewe ni halali, ila limepewa ukubwa usio wake. Yai halitembei, halioni njaa, halinaswi na mwewe. Kazi nzito huanza kifaranga akishatoka. Anahitaji joto analoweza kuliacha na kulirudia mara nyingi kwa siku, anahitaji kuonyeshwa kinacholiwa na kisicholiwa, na anahitaji mtu wa kupiga yowe hatari inapokuja. Kwa zaidi ya miaka 2,000 wafugaji walilijibu hitaji hilo kwa kumkabidhi kuku mmoja watoto wa wenzake, na mara nyingine watoto wa ndege wa aina nyingine kabisa. Hoja yangu ni kwamba desturi hii, ambayo vitabu huitaja kama kioja cha uwani, ndiyo iliyowafundisha watu kutenganisha kazi ya kutaga, ya kuatamia na ya kulea, karne nyingi kabla ya kiwanda chochote.

Ushahidi wa zamani ulio wazi zaidi unatoka Roma. Varro, aliyeandika kitabu chake cha kilimo mwaka 37 KK, anaelekeza kwamba vifaranga wahamishiwe kwa kuku wenye watoto wachache, mradi kundi lisizidi 30. Columella, katika karne ya kwanza BK, anarudia kikomo hichohicho cha 30 na kuongeza sharti la muda: vifaranga wa kuku wawili au watatu wapewe yule aliye mlezi bora, na hilo lifanyike siku ya kwanza kabisa, kabla mama hajaweza kutofautisha wake na wa wengine. Hapa hatusomi habari za mtu aliyeshangazwa na huruma ya kuku. Tunasoma kanuni ya kazi yenye idadi, wakati na kipimo cha kumchagua mlezi. Kuku wawili waliobaki bila watoto hawakai bure. Wanarudi kutaga au kuatamia tena.

Jambo hilo linaonekana vizuri zaidi kwa tausi, ndege aliyekuwa na bei kubwa Roma. Varro anamtaja Marcus Aufidius Lurco, aliyeingiza zaidi ya sarafu 60,000 za sesta kwa mwaka kutokana na tausi. Columella anaeleza kwamba tausi akiondolewa kazi ya kuatamia hutaga mara tatu kwa mwaka: karibu mayai 5 mara ya kwanza, 4 mara ya pili, 2 au 3 mara ya tatu. Mayai hayo huwekwa chini ya kuku wa kawaida. Lakini yai la tausi huchukua takriban siku 30, na la kuku 21. Basi Columella anaagiza kuku awekewe mayai 5 ya tausi na 4 ya kuku. Siku ya kumi yale 4 ya kuku yatolewe na mengine mabichi 4 yaingizwe, ili yote yaanguliwe pamoja mwezi unapoandama. Ukiipima hesabu hii utaona imekusudiwa kumpatia mlezi kundi moja la rika moja, kwa sababu kuku akishasikia sauti za vifaranga wa kwanza huinuka na kuyaacha mayai yaliyobaki yapoe. Aliyebuni mpango huu alikuwa ameshamwangalia kuku kwa makini kuliko wanafalsafa wengi wa zama zake.

Mtu atauliza: je, Misri haikuangua maelfu kwa maelfu bila kuku yeyote? Iliangua. Aristotle alikwisha kutaja mayai ya Wamisri yaliyofukiwa kwenye samadi, na matanuri ya matofali ya udongo yalifanya kazi huko kwa karne nyingi. Edward Lane, katika kitabu chake cha 1836 juu ya desturi za Wamisri, anataja matanuri 164 na zaidi ya mayai milioni 26 kwa mwaka. Lakini Lane huyohuyo anatuambia mambo mawili yanayostahili kusomwa kwa pamoja. Kwanza, matanuri yaliwashwa kwa miezi miwili au mitatu tu, baridi ilipokuwa inakwisha. Pili, mkulima alileta mayai yake na kwa kawaida alirudishiwa kifaranga mmoja kwa kila mayai mawili, kisha akaenda nao nyumbani. Tanuri liliangua; halikulea. Malezi yalitawanywa vijijini, katika msimu ambao hali ya hewa yenyewe ilifanya nusu ya kazi ya mama.

Ugumu huu ulijitokeza waziwazi pale ambapo hali ya hewa haikusaidia. Mfaransa Réaumur, mwanasayansi aliyejulikana kwa vipimajoto vyake, alichapisha mwaka 1749 kitabu juu ya ufundi wa kuangua na kulea ndege wa kufugwa wakati wowote wa mwaka. Kuangua kwa joto la samadi alifaulu. Kisha ikambidi abuni mama bandia: sanduku lililotandikwa ngozi ya kondoo yenye manyoya, dari yake ikishuka upande mmoja ili kifaranga wa kimo chochote aweze kuigusisha mgongo wake. Kwangu mimi sanduku hilo ndilo shahidi mkubwa kuliko wote. Mtu mwenye akili nyingi na vyombo bora vya wakati wake alijikuta akiunda, kipande kwa kipande, kile ambacho kuku yeyote aliyeatamia angekitoa bure, na bado sanduku lake halikuweza kumwita mtoto aliyepotea.

Kwa nini basi kuku anakubali? Columella alidhani ni kufanana tu kwa vifaranga, na hakuwa mbali na ukweli, ingawa ni nusu ya jibu. Kuku anayeatamia ana kiwango kikubwa cha homoni iitwayo prolaktini, na mguso wa vifaranga hai chini ya tumbo lake ndio humgeuza kutoka kuatamia hadi kulea. Hauulizi mguso huo yai lilitagwa na nani. Upande wa pili ulichunguzwa na Mwingereza Douglas Spalding, aliyeandika mwaka 1873 juu ya vifaranga aliowafunika macho tangu kuanguliwa. Waliofunuliwa mapema walifuata chochote kinachotembea, hata yeye mwenyewe. Waliofunuliwa karibu siku ya nne walimkimbia kwa hofu. Kuna basi milango miwili, wa mama na wa mtoto, na yote hubaki wazi kwa muda mfupi. Ndiyo maana wafugaji wa nchi nyingi huwaingiza vifaranga wageni usiku, kuku akiwa ametulia, wakiwa bado wa siku moja au mbili. Wanaotaja kuku aliyewadonoa wageni hadi kuwaua kama ushahidi dhidi ya desturi hii mara nyingi wanataja kisa cha mlango uliokwisha fungwa, au cha kuku ambaye hakuwa ameatamia kwa siku za kutosha.

Pingamizi zito zaidi linahusu ndege wa aina tofauti. Waandishi wa Kirumi Cicero na Pliny wote wawili walimtaja kuku aliyeangua bata, ambao baadaye walimwacha ukingoni na kuingia majini. Cicero alitaka kuonyesha kwamba maumbile hushinda malezi. Karne ya 20 ina mfano mchungu zaidi: kuanzia 1975, huko Grays Lake, Idaho, mayai ya korongo weupe wa Marekani waliokaribia kutoweka yaliwekwa katika viota vya korongo wa aina nyingine. Makinda yalilelewa na yakafuata wazazi wao wa kambo katika safari za msimu, lakini walipokomaa hawakuunda jozi wao kwa wao, na mpango ukaachwa. Nakubali somo hilo lote. Mlezi humpa mtoto zaidi ya joto. Humpa pia wazo la yeye ni nani. Lakini hilo linathibitisha nguvu ya mlezi badala ya kuikanusha, na linatuonyesha mipaka yake. Nchini Uingereza, watunza ndege wa mashamba ya kuwindia walinunua kuku walioatamia kutoka kwa wakulima kila mwaka ili walee fezanti. Mlezi alifungiwa katika kijumba chenye fito, makinda yakapita katikati ya fito kwenda kula nyasini na kurudi kwake kujifunika. Fezanti hao walihitajika wakue na waruke, na kwa lengo hilo kuku alitosha.

Kilichomwondoa mlezi huyu katika sehemu kubwa ya dunia hakikuwa kushindwa kwake. Kifaranga huanguliwa akiwa amekivuta kiini cha yai tumboni, hivyo anaweza kukaa siku mbili tatu bila kula. Mwaka 1918 posta ya Marekani ikaanza kupokea vifaranga wa siku moja kama vifurushi. Wakati huohuo wafugaji walichagua kuku wasioatamia, maana kila wiki ya kuatamia ni wiki bila mayai. Aina kama Leghorn zilipata sifa kwa hilo. Mashine haikumshinda mama katika ulezi: alitolewa kwenye damu ya kuku, kizazi baada ya kizazi, kisha bruda, yaani kifaa cha kuwapa vifaranga joto, ikawa ya lazima. Kwa mwenye vifaranga 5,000 bruda ni jibu sahihi, na sioni sababu ya kubishana naye.

Hali ni tofauti kwa mwenye mitetea sita ya kienyeji, Dodoma au Kitui, ambako mkaa wa kupasha bruda hununuliwa na umeme hukatika. Huko kuku hutaga mayai 10 hadi 15, huatamia, kisha hutembea na watoto miezi miwili au mitatu kabla ya kutaga tena. Ushauri unaotolewa kwa wafugaji wa namna hii ni kumzuia wa kwanza kwa mayai machache ya kudanganyia hadi wenzake nao waanze kulalia, kuwawekea wote mayai mabichi siku moja, kisha kuwakabidhi vifaranga wote kwa walezi wawili hodari na kuwaachia wengine warudi kwa jogoo. Hatari yake iko wazi: ugonjwa wa kideri ukiingia au kicheche akipata njia, hasara ni ya kundi zima, na mvua ikinyesha kuku hawezi kuwafunika wote kwa mabawa yake ikiwa idadi imezidi. Ndiyo maana kikomo ni muhimu, na chanjo ni muhimu zaidi. Vilevile kanga, ambaye kwa kawaida huyaburura makinda yake kwenye nyasi zenye umande hadi mengi yanakufa kwa baridi, mayai yake huwekwa chini ya kuku. Yanahitaji siku 26 hadi 28. Anayetaka kanga na kuku walelewe pamoja huyatanguliza ya kanga, na ya kuku huyaongeza wiki moja baadaye.