Mbung'o, Kuro na Siasa za Sayansi Kwale

Katika vilima vya Shimba, huko Kwale katika pwani ya Kenya, na maeneo ya jirani yanayoteremka kuelekea Msambweni huishi aina tatu za mbung'o, mdudu mnyonya damu anayeeneza nagana, yaani ugonjwa wa mifugo unaoletwa na vimelea vidogo viitwavyo tripanosoma, ambavyo huingia katika damu ya ng'ombe, humkondesha, humfanya atupe mimba na mara nyingi humwua asipotibiwa. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu wamemchunguza mdudu huyu kwa bidii, lakini yale waliyoyagundua yalitegemea sana ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuamua swali gani liulizwe, na ni nani aliyetarajiwa kubeba gharama ya jibu.

Kabla ya ukoloni mbung'o alikuwa tayari ameuathiri uchumi wa pwani, kwa kuwa mahali ambapo wanyama wa mizigo hawakuweza kudumu, misafara ya kwenda bara ilitegemea kwa sehemu kubwa mabega ya wapagazi. Ufugaji wa ng'ombe nao ulistawi zaidi katika nyika kavu ya Waduruma upande wa Kinango kuliko katika ukanda wenye misitu na unyevu, ambako mbung'o hupata kivuli anachokihitaji.

Sayansi ya Ulaya iliingia katika suala hili pamoja na dola zake. Katikati ya miaka ya 1890 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alithibitisha huko Zululand kwamba nagana huletwa na tripanosoma zinazobebwa na mbung'o, na mwaka 1909 Friedrich Karl Kleine, akifanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kwamba vimelea hivyo hukua ndani ya mwili wa mdudu, wala havisafirishwi tu na mdomo wake kama Bruce alivyodhani hapo awali. Mashindano ya Uingereza na Ujerumani yalionekana hata katika utafiti wa maradhi. Majina ya kisayansi yalipangwa London: Ernest Austen wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alichapisha kitabu kikubwa juu ya mbung'o mwaka 1903, na mojawapo ya aina zinazopatikana Shimba, *Glossina austeni*, ilipewa jina lake mwaka 1912.

Kutokana na ugunduzi wa Bruce na Kleine watawala walifikia hitimisho lililoonekana kuwa dhahiri, kwamba ikiwa wanyamapori ni ghala la vimelea, basi dawa ni kuwaua wanyamapori au kuondoa vichaka wanamoishi. Huko Rhodesia ya Kusini mamia ya maelfu ya wanyama walipigwa risasi kwa sera hiyo. Huko Shinyanga, Tanganyika, watu walikusanywa kufyeka mapori. Na katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwapa makazi Shimba Hills wakulima Wakamba kutoka bara, ambao walipaswa kulima na kufuga kandokando ya msitu wenye mbung'o. Hata hivyo, mwaka 1963 Bernard Weitz alichapisha uchambuzi wa damu iliyotolewa matumboni mwa mbung'o wengi, na ikabainika kwamba mdudu huyu huchagua sana chakula chake, kwani hupenda ngiri, nguruwe mwitu, pongo na nyati, ilhali punda milia na kuro, ambao wanaishi naye katika makazi yale yale, huwagusa kwa nadra. Wanyama wengi waliouawa, kwa hiyo, hawakuwa na hatia kubwa katika suala lenyewe.

Jambo jingine la kushangaza lilikuwa namna mbung'o anavyozaa. Tofauti na wadudu wengi wanaotaga mayai kwa mamia, jike hutunza yai moja tu tumboni kwa wakati mmoja, buu huanguliwa humo humo na kulishwa maziwa yanayotoka katika tezi maalumu, na huzaliwa likiwa limekwisha kukomaa, tayari kujifukia ardhini ili kugeuka mdudu kamili. Kwa kuwa uzazi ni wa polepole hivyo, kuwaondoa asilimia 4 hivi ya majike kila siku kunatosha kuwapunguza mbung'o mpaka waishe. Udhaifu huo ulitumiwa Unguja, ambako mamilioni ya madume yaliyofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi yaliachiliwa kati ya 1994 na 1997, na kisiwa kikasafishwa. Mafanikio hayo yaliwatia moyo viongozi wa Afrika kuamua mwaka 2000, mjini Lomé, kuanzisha kampeni ya kumtokomeza mbung'o barani kote, ingawa wapinzani wa mpango huo walieleza kwamba bara si kisiwa, na kwamba mbung'o wa jirani hurejea mara juhudi zinapolegea.

Njia tofauti ilikuwa imekwisha kuanza Nairobi. Mwaka 1967 Thomas Odhiambo, mwanasayansi wa wadudu aliyesoma Makerere na Cambridge, alitoa hoja katika jarida la Science kwamba Afrika Mashariki ilihitaji vituo vyake vya utafiti wa hali ya juu, na mwaka 1970 kikaanzishwa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, yaani ICIPE. Badala ya kuuliza jinsi ya kumwangamiza mnyama anayenyonywa, watafiti wake waliuliza mbung'o anamtambuaje. Mwaka 1986 mkemia Ahmed Hassanali na wenzake walitambua katika mkojo wa nyati kemikali za jamii ya fenoli zinazomvuta mdudu huyu, na huko Nguruman, Kenya, mitego ya kitambaa ikatiwa mkojo wa ng'ombe kama chambo. Baadaye Nicholas Gikonyo, Hassanali na wenzao walilichunguza swali la kinyume, wakagundua kwamba harufu ya kuro ina kemikali zisizokuwamo katika harufu ya nyati wala ng'ombe, nazo humfukuza mbung'o.

Ugunduzi huo ulijaribiwa Shimba Hills. Ng'ombe 1,100 walivishwa shingoni kola yenye kichupa kinachotoa polepole mchanganyiko wa kemikali nne za kuro, na kwa muda wa miezi 24 wakachungwa katika maeneo yale yale yenye mbung'o. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 na Rajinder Saini na wenzake, ugonjwa ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80, matumizi ya dawa yalipungua kwa zaidi ya asilimia 60, na maksai waliolindwa walilima eneo kubwa zaidi kwa asilimia 66 kuliko wasiolindwa. Katika nchi ya wakulima wadogo tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa maana familia isiyo na maksai mwenye afya hulima kwa jembe la mkono.

Hata hivyo, mafanikio hayo hayakuondoa siasa katika suala la mbung'o, bali yalizihamisha. Watafiti waliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na wafugaji waliokubali kola kwa kauli karibu moja wakaunda kikundi kilichosajiliwa ili kuisambaza na kuifanyia biashara. Kola huhitaji kujazwa upya, na utafiti wa aina hii hutegemea sana wafadhili wa nje, ambao vipaumbele vyao hubadilika. Kwa hiyo, kama ambavyo zamani mamlaka ya kuamua kati ya bunduki na shoka yalikuwa mikononi mwa serikali ya kikoloni, leo hatima ya maarifa yaliyojaribiwa Shimba itaamuliwa na yule atakayemiliki mchanganyiko huo, atakayeuuza na atakayepanga bei yake kwa mfugaji wa Kwale.