Utambuzi wa Mbali: Misingi Yake Katika Masomo ya Chuo Kikuu

Utambuzi wa mbali ni elimu ya kupata habari za ardhi, maji na angahewa bila kuvigusa, kwa kupima nuru na mawimbi mengine yanayotoka kwavyo. Kipimio huweza kufungwa kwenye setilaiti, ndege au droni. Jina la kitaaluma la fani hii lilizaliwa Marekani katika miaka ya 1950, na mwanajiografia Evelyn Pruitt ndiye anayetajwa kulibuni. Kazi yenyewe ni ya zamani zaidi: Mfaransa Nadar alipiga picha akiwa ndani ya puto mwaka 1858. Katika vyuo vya Afrika Mashariki, vikiwemo Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi, somo hili hufundishwa pamoja na upimaji ardhi na elimu ya ramani, na wanafunzi wa jiografia, misitu na kilimo nao hulipitia.

Anayetarajia kuanza na picha hukuta fizikia kwanza. Mwanga wa jua una mawimbi ya urefu mbalimbali, na kila kitu hufyonza baadhi na kurudisha mengine. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, lakini hurudisha kwa wingi infraredi ya karibu, ambayo jicho la mtu haliioni. Maji safi hufyonza karibu infraredi yote, hivyo ziwa huwa jeusi tii kwenye bendi hiyo, yaani kipande hicho cha mawimbi. Ndiyo maana magugu maji ya Ghuba ya Winam, katika Ziwa Viktoria, hayajifichi: infraredi ikipewa rangi nyekundu kwenye kompyuta, magugu huwa madoa mekundu juu ya maji meusi.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kipimo cha uoto kiitwacho NDVI, ambacho mwanafunzi hukikokotoa kwa mkono kabla ya kuiachia programu: infraredi ya karibu toa nyekundu, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Shamba linalorudisha asilimia 40 ya infraredi na asilimia 5 ya mwanga mwekundu hupata 0.78. Udongo mtupu unaorudisha asilimia 30 na 25 huambulia 0.09.

Kumbe picha ya setilaiti ni jedwali la namba lililotiwa rangi. Kila chumba cha jedwali huitwa pikseli, na kwenye bendi nyingi za setilaiti za Landsat 8 na Landsat 9 pikseli moja ni mraba wa mita 30 kwa 30. Ekari moja, basi, haifikishi hata pikseli tano, na namba ya kila pikseli ni mchanganyiko wa vyote vilivyomo: mahindi, njia ya miguu, bati la nyumba. Kihamba, shamba la nyumbani la Kilimanjaro, hutesa zaidi. Kahawa iko chini ya migomba, migomba iko chini ya miti mirefu, na kipimio hukiona kilele cha miti tu. Sentinel-2 ya Ulaya, yenye bendi za mita 10, hupunguza tatizo la mchanganyiko, lakini haioni chini ya kivuli.

Setilaiti za aina hii hupita kati ya ncha za dunia, zikifika kila mahali karibu saa ileile ya jua. Landsat huruka kimo cha kilomita 705, hupita mnamo saa nne asubuhi, na kila moja hurudi palepale baada ya siku 16. Siku hiyo ikiwa ya mawingu, zamu imepotea. Jambo hili ni la kawaida kwenye pwani na milimani. Hapo huingia rada, kama ya Sentinel-1, ambayo hutuma mawimbi yake yenyewe na kupenya mawingu, mchana na usiku.

Upande wa ndege hufundishwa kwa picha zinazopandana takribani asilimia 60. Jozi ya picha ikiwekwa chini ya stereoskopu, kilima huinuka ghafla kutoka kwenye karatasi. Si wengi wanaoisahau mara ya kwanza. Sensa ya wanyamapori ina mtindo wake: ndege ndogo huruka takribani mita 100 juu ya mbuga, na waangalizi huhesabu wanyama wanaoonekana kati ya fimbo mbili zilizofungwa chini ya bawa. Makundi makubwa hupigwa picha yahesabiwe baadaye, kwa kuwa jicho lenye haraka hupunguza. Droni zimeisogeza kazi ya angani karibu na vyuo: mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar ulioanza 2016 uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kuzirusha.

Maabara ndiko kwenye mitego. Picha za Landsat hutolewa kwa kanda za kaskazini za mfumo wa ramani wa UTM hata kwa nchi zilizo kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanafunzi wa Dar es Salaam hukuta namba hasi za mahali na kudhani amekosea. Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania, nazo, zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, ilhali picha hutumia WGS84. Asiyebadilisha mfumo huona barabara imehama mita 300 hivi, ikipita juu ya paa za watu. Gharama, angalau, si kikwazo kama zamani: picha za Landsat hutolewa bure tangu 2008, na programu ya QGIS haiuzwi.

Hatua ya mwisho ni uainishaji. Mwanafunzi huionyesha kompyuta mifano ya msitu, maji, shamba na makazi, nayo hugawa pikseli zilizobaki kwa kufuata mifano hiyo. Katika delta ya Rufiji, mikoko na mashamba ya mpunga yaliyolimwa katikati yake huchanganywa kwa urahisi mpunga unapokuwa kijani. Kwa sababu hiyo vituo kadhaa huchaguliwa kwa bahati nasibu na kutembelewa kwa GPS, kisha kilichokutwa uwandani hulinganishwa na kilichosemwa na ramani katika jedwali la makosa. Ripoti isiyo na jedwali hilo huhesabiwa kuwa haijakamilika.