Bima ya Manesi: Kava Gani Itakuokoa Soo Ikianguka, na Gani Itakuacha kwa Mataa

- Nesi wa kaunti na nesi mwenye kliniki yake mtaani hawabebi mzigo sawa mgonjwa akienda kortini
- Kliniki inahitaji kava kama 4 hivi, na moja kati yazo ni lazima kisheria ukiwa na mfanyakazi
- Kampuni ya bima inaweza kukuruka kama ulichoandika kwa fomu si kile unafanya usiku

Mtaani hakuna mtu anajali cheo chako. Ukiwa na kliniki Kipsongo, pale Kitale, hata kama ni chumba kimoja na pazia, wasee watakuita daktari. Watakuletea mtoi ana homa saa sita usiku, mathe ameshikwa na uchungu na hakuna boda, na msee amekatwa na panga. Wakipona, jina lako linavuma hadi Matisi na Tuwani. Mambo yakienda mrama, swali ni moja tu: nani analipa?

Bima ya gari kila mtu anaielewa. Ya kazi ya nesi watu huiskia siku barua ya wakili imefika, na saa hiyo huwezi kuinunua tena kwa hiyo soo. Kwa hivyo kama uko wodini, unafanya lokamu, ama bado uko KMTC na plani ni kufungua place yako, soma hii mapema.

Kesi ya Bungoma ilifunza nini?

Tuanze na kesi ya majirani. August 2013, mama mmoja alienda kujifungua hospitali kuu ya Bungoma. Alizaa kwa sakafu, manesi wakamtusi na kumzaba makofi. Video ikasambaa nchi nzima. Mama akaenda korti, na Machi 2018 High Court ya Bungoma ikaamua haki zake zilivunjwa. Akapewa fidia ya KSh milioni 2.5, na korti ikasema aombwe msamaha.

Angalia nani alishtakiwa: serikali ya taifa, kaunti na hospitali. Hiyo ni sheria ya kawaida. Mfanyakazi akikosea akiwa kazini, mwajiri anabeba.

Pia angalia muda. Kutoka siku ya tukio hadi uamuzi ni zaidi ya miaka 4. Huo wakati wote kuna wakili anafaa kulipwa.

Na ya mwisho: kofi si kosa la kikazi. Bima inalipia bahati mbaya na uzembe, kama kusoma dozi vibaya. Kumpiga mgonjwa ni makusudi, na hakuna kampuni itakulipia hiyo.

Niko kaunti, kwa hivyo niko safe?

Kwa pesa, kiasi. Kwa kazi yako, hapana. Machi 2018, baada ya mgonjwa asiyefaa kupasuliwa kichwa Kenyatta National Hospital, waliosimamishwa kazi hawakuwa madaktari peke yao. Manesi walikuwemo pia. Mwajiri anaweza kubeba fidia na bado akakutuma home.

Halafu kuna Baraza la Wauguzi, ambalo linashika leseni yako. Ukiitwa mbele yake kwa nidhamu, mwajiri halazimiki kukutafutia wakili. Kuna mikataba ya bima inayolipa wakili wa hiyo siku na kuna isiyolipa. Kama umeajiriwa, hiyo ndiyo laini ya kutafuta kwanza.

Lokamu na kazi ya ajenti ndiyo iko na giza zaidi. Hospitali inaweza kusema wewe si mfanyakazi wao, ajenti naye aseme alikuunganisha tu. Kabla ya shifti ya kwanza, uliza kwa maandishi: niko chini ya kava ya nani? Kama jibu ni "usijali", jali.

Nikifungua kliniki yangu nahitaji kava gani?

*1. Kava ya makosa ya kazi.* Kwa fomu wanaiandika "professional indemnity", na mtaani wengi huiita indemniti. Mgonjwa akisema ulimdunga dawa amewai kukwambia inamdhuru, ama ulichelewa kumtuma referral, hii ndiyo inalipa wakili na fidia. Kwa nesi mwenye kliniki, hii ndiyo ya kwanza.

*2. Kava ya watu wanaoingia place yako.* Hii ni "public liability". Mzee ameteleza kwa sakafu imetoka kuoshwa akavunjika nyonga, ama signboard yako imeng'olewa na upepo ikaangukia boda. Hapo hakuna kosa la dawa, kwa hivyo indemniti haitagusa. Watu wengi hudhani moja inatosha. Haitoshi.

*3. WIBA.* Hii ni ya wafanyakazi wako, na si hiari. Sheria ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya watu wake wakiumia kazini. Dada wa usafi akidungwa na sindano iliyotumika, mambo ni mawili: apelekwe apate PEP ndani ya masaa 72, na madai yaandikwe. Akipoteza maisha ama ulemavu wa kudumu umwondoe kazini kabisa, fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 96. Piga hiyo hesabu ukitumia mshahara unaolipa, utaona kwa nini hutaki kuitoa mfukoni.

*4. Moto na wizi.* Friji, darubini, stoku ya dawa, kitanda cha kujifungulia. Mitaa ya mabati na stima za kuunganisha haihitaji maelezo mengi. Ukiandikisha vitu vya laki 4 kama vya laki 2 ili ulipe kidogo, kampuni nayo inaweza kukukata malipo kwa hesabu hiyo hiyo.

Mahali watu huchomeka

*Fomu ya uongo.* Bima inasimama juu ya ukweli. Ukiandika kliniki yako ni ya kutibu homa na kufunga vidonda, halafu usiku unazalisha, siku mtoto amepata shida kampuni itafungua fomu yako kwanza. Ndiyo, kuongeza leba kunapandisha bei. Lakini kuificha kunamaanisha unalipa kila mwaka kwa kava ambayo haipo. Kama kuna huduma leseni yako hairuhusu, bima haiwezi kuirekebisha. Tuma mgonjwa referral.

*Kiwango cha juu.* Kila mkataba una mwisho wa kulipa. Tuseme umechukua kava ya milioni 1 halafu korti inatoa fidia kama ile ya Bungoma, milioni 2.5. Milioni 1.5 iliyobaki ni yako. Uliza pia kama pesa ya wakili inatolewa ndani ya hiyo milioni 1 ama iko kando. Na ujue ile sehemu ya kwanza ambayo wewe hulipa kabla kampuni haijatoa chochote.

*Siku inayohesabika.* Mikataba mingi ya indemniti huangalia siku madai yameletwa, si siku sindano ilidungwa. Ukidunga 2023, uache kulipa bima 2024, ushtakiwe 2025, uko kwa mataa. Na sheria inampa mgonjwa miaka 3 kushtaki mtu ama kliniki ya private kwa uzembe. Dhidi ya serikali ni miezi 12 tu. Korti pia inaweza kumwongezea mtu muda ikiwa alijua shida yake kuchelewa. Kwa hivyo ukifunga kliniki, usifunge kava siku hiyo hiyo. Uliza bei ya kuiendeleza.

*Malipo yaliyochelewa.* Sheria ya bima Kenya ni lipa kwanza, ulindwe baadaye. Ahadi ya "nitamalizia end month" haikulindi leo.

*Kukubali haraka.* Mtaani tunamaliza mambo kwa chifu ama kwa wazee. Kuambia familia pole ni utu, na usiache kusema. Lakini kusign karatasi ya kulipa laki 3 kabla kampuni haijajua kunaweza kuua kava yako yote. Piga simu kwao kwanza, siku hiyo hiyo, hata kama mgonjwa hajataja wakili.

Vitu bima haitagusa

Jinai iko juu ya hiyo orodha. Muuguzi mmoja aliyekuwa na kliniki Gachie, Kiambu, alihukumiwa kifo na High Court 2014 baada ya mwanamke kufariki, kesi ikihusishwa na kutoa mimba. Mahakama ya Rufaa ilimwachilia 2017. Alishinda, lakini baada ya miaka ndani. Hakuna fidia ya bima inayokutoa seli.

Leseni iliyoisha nayo ni mlango wa kampuni kutoroka. Rinyu ya Baraza kwanza, na ya kliniki kwa KMPDC, halafu ndiyo uongee bima. Wakati wa kurinyu, soma orodha yao ya mahitaji. Kama indemniti imo, si chaguo tena.

Halafu TikTok. Picha ya mgonjwa bila ruhusa ni kuvunja sheria ya data ya 2019. Mwaka wa 2023, klabu moja Nairobi ilipigwa faini ya KSh milioni 1.85 kwa kupost picha ya mteja wa raha. Sasa fikiria ni mgonjwa kwa kitanda. Usidhani indemniti italipa faini.

Kununua bila kuchezwa

- Angalia orodha ya kampuni zilizo na leseni kwa IRA, wasimamizi wa bima, kila mwaka. Resolution ilikuwa jina kubwa na bado iliwekwa chini ya msimamizi 2022.
- Lipa kwa paybill ya kampuni, si kwa namba ya ajenti. Dai risiti na mkataba wenyewe, si screenshot.
- Pata bei kutoka kwa kampuni angalau 3, ukitumia maelezo yale yale. Bei hufuata huduma unazotoa, idadi ya wafanyakazi, kiwango cha kava na kama umewai kudaiwa.
- Soma sehemu ya visivyolipwa kabla ya sehemu ya vinavyolipwa.
- Kampuni ikikataa madai bila sababu, dai barua, halafu peleka malalamishi IRA.

Maswali ya haraka

*Mgonjwa akifa, nina makosa moja kwa moja?* Hapana. Lazima ionyeshwe ulikuwa na jukumu kwake, ulifanya chini ya kiwango cha nesi wa kawaida wa ngazi yako, na hiyo ndiyo ilimdhuru.

*Nitajitetea na nini?* Noti zako. Manesi wana msemo: kisichoandikwa hakikufanyika. Saa, dozi, nani uliita na referral ulitoa saa ngapi. Hata wakili wa bima hana kitu kama kitabu ni tupu.

*Mwanafunzi wa attachment je?* Uliza chuo na hospitali nani anambeba, kwa maandishi. Na usiachwe pekee yako na kazi hujafunzwa.

*SHA si inatosha?* SHA inalipia matibabu ya mgonjwa. Haikulindi wewe ukishtakiwa.

Mwisho, usiangalie bima kama ya kukulinda wewe pekee. Mathe wa Kipsongo akiumia kwa mkono wako, kliniki ya chumba kimoja haina milioni ya kumpa, hata korti ikiamua. Ukiwa na kava ya ukweli, yeye ana mahali pa kupata pesa ya kutibiwa, na wewe asubuhi bado unaweza kufungua mlango.